Sura ya Sita: Pumzi ya Maji Yaliyotuama

Wale waliotembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi wenye majora ya nguo na shanga mabegani, matajiri wa Kiarabu na wa Mrima wenye mali yao, na wageni wa Ulaya ambao wa kwanza wao, Burton na Speke, waliingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, wote walishiriki hofu moja, nayo ni hofu ya Mgunda Mkali, nyika iliyotanda baina ya Ugogo na Unyamwezi, ambamo uhai wa msafara mzima ulitegemea umbali wa dimbwi moja na jingine. Dimbwi lilipopatikana wakati wa kiangazi, aghalabu maji yake yalikuwa mazito, ya kijani, yenye harufu ya tope lililooza, na mtu aliyeyatia kinywani hakuhitaji mwalimu wa kumfundisha kwamba maji yaliyotuama si ndugu wa maji yapitayo juu ya mawe. Pua na ulimi vilimwambia jambo ambalo elimu imekuja kulipima baadaye kwa miligramu, kwamba maji nayo huhitaji hewa, na yakiikosa hufa, na yafapo hufa pamoja na vilivyomo.

Mimi nakaa Gongoni, mtaa wa Tabora, mji huo huo uliokuwa kituo kikuu cha misafara, na nyuma ya nyumba yangu, hatua 30 kutoka mlango wa jikoni, ninalo bwawa la samaki lenye urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na kina cha mita 1 kwa wastani, yaani mita za ujazo 24, au lita 24,000 za maji yasiyokwenda popote. Katika sura zilizotangulia nimeeleza namna lilivyochimbwa, lilivyotandikwa turubai kwa sababu ya udongo wetu wa kichanga usioshika maji, na lilivyopandwa vifaranga vya perege. Sura hii ni ya jambo ambalo nililidharau kwa muda wa miaka miwili, kisha nikalilipia deni lake lote katika asubuhi moja.

Ilikuwa mwezi wa Novemba. Joto la Septemba na Oktoba lilikuwa limeyafanya maji kuwa ya kijani kizito kama kisamvu kilichopondwa, nami nilijivunia rangi ile, kwa kuwa nimesikia wafugaji wakisema kuwa ukijani wa bwawa ni chakula cha perege, na usemi huo ni kweli. Kisha likatanda wingu, likakaa siku mbili jua lisionekane, na usiku wa siku ya pili ikashuka mvua ya kwanza ya mwaka, nzito, ya baridi, yenye radi. Nilipotoka baada ya sala ya alfajiri niliwakuta samaki wote wamekuja juu, midomo wazi, wakigugumia hewa kama watu waliokimbizwa, na ilipofika saa tatu nilikuwa nimewaokota perege 130 waliokufa katika 200 niliokuwa nao. Wala pampu haikuwa imezimika. Ilikuwa ikinguruma pale pale nilipoiweka, na katikati ya bwawa maji yalikuwa yakichemka kama chungu cha maharage, na samaki wakifa pembezoni mwa mchemko ule. Ni picha hiyo, ya pampu inayofanya kazi na samaki wanaokufa kwa wakati mmoja, iliyonifanya nitafute kujua, na yote nitakayoyasema hapa yametokana na kutafuta huko.

Bwawa lina mapato na matumizi ya hewa, kama duka lilivyo na mapato na matumizi ya fedha. Mchana, mwani mdogo usioonekana kwa jicho ila kwa rangi yake, hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, na katika kufanya hivyo hutoa oksijeni ndani ya maji, hata ifikapo alasiri maji ya kijani huweza kuwa na oksijeni kupita kile kiasi ambacho maji matulivu huweza kukishika. Jua likizama, mapato hukatika, lakini walaji hawalali: samaki hupumua, mwani wenyewe hupumua, na tope la chini, lenye mabaki ya pumba na majani ya miembe, miti ile ambayo mapokeo ya mji wetu huinasibisha na misafara, huoza usiku kucha, na kuoza nako ni kupumua. Oksijeni hushuka saa baada ya saa, na saa ya dhiki kubwa kabisa ni saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijachomoza. Siku mbili za wingu huyapunguza mapato ilhali matumizi yanabaki vile vile. Na mvua ya baridi inyeshapo, maji ya juu hupoa, huwa mazito, hushuka chini, na yale ya chini yaliyokuwa yamelala juu ya tope bila hewa yoyote hupanda juu na kuchanganyika na kila kitu. Hivyo ndivyo walivyokufa samaki wangu. Radi niliyoishutumu asubuhi ile haikuwa na dhambi.

Jambo jingine ambalo mtu wa Tabora hana budi kulitia hesabuni, na ambalo mwenzake wa pwani anaweza kulisahau bila madhara, ni urefu wa nchi yetu. Mji huu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko hewa ya Bagamoyo kwa kadiri ya thumni moja. Maji ya kisima yenye joto la nyuzi 28 yakiwa Bagamoyo huweza kushika miligramu 7.8 za oksijeni katika kila lita. Maji yale yale, kwa joto lile lile, yakiwa Gongoni hushika kama 6.8 tu. Perege ni kiumbe mvumilivu, huweza kustahimili kwa muda mfupi hata chini ya miligramu 1, lakini kustahimili si kukua: chini ya miligramu 3 hupoteza hamu ya kula, na chakula umpacho hugeuka uozo unaozidi kumnyima pumzi. Mfugaji hana budi kuishika 3 kama mpaka usiovukwa, na kuitamani 5.

Sasa tufanye hesabu, nami namwomba msomaji asiiruke, kwa sababu mimi niliiruka. Samaki 200 wenye uzito wa gramu 200 kila mmoja ni kilo 40. Kilo moja ya perege aliyeshiba, katika maji ya joto letu, hutumia kama gramu 0.3 za oksijeni kwa saa, basi kilo 40 hutumia gramu 12. Maji yenyewe pamoja na mwani wake na tope lake, katika bwawa la kijani la ukubwa huu, hayapungui kutumia gramu 7 au 8. Jumla ni gramu 20 kila saa ya usiku. Hiyo ndiyo kazi ambayo mtambo utapewa, wala si kazi nyingine, na anayekwenda dukani bila ya kuijua tarakimu hii anakwenda kununua ngurumo. Ni kweli kwamba mtu akipanda samaki 2 hadi 4 tu kwa kila mita ya mraba, kama wanavyoshauriwa wenye mabwawa ya udongo, deni la usiku huwa dogo na upepo peke yake huweza kulilipa. Walakini mimi nilikuwa na zaidi ya 8 kwa mita moja, na mtu atakaye wingi wa samaki katika eneo dogo ameshachagua kuwa na pampu, ajue asijue.

Pampu yangu ya kwanza niliinunua kwa maneno yaliyochapwa juu ya kisanduku chake: lita 120 kwa dakika. Nilifikiri kwamba nimenunua nyingi kupita haja yangu. Hewa ile niliipeleka majini kwa bomba la plastiki la nusu inchi nililolitoboa kwa msumari uliotiwa moto, matundu kama 40, nikaridhika sana nilipoona maji yanavyopanda. Palikuwa na makosa mawili, na kubwa zaidi halikuwa katika pampu, bali katika lile bomba.

Nilipolalamika kwa jirani yangu, mzee mstaafu wa reli ambaye babu zake walikuwa wahunzi, alikuja kulitazama bwawa akiwa ameifunga mikono nyuma, akasimama kitambo bila ya kusema.

"Babu," nikamwambia, "pampu ni nzima na hewa inatoka. Nimekosea wapi?"

"Mjukuu wangu," akajibu, "hicho ulicho nacho ni mvukuto. Wahunzi walikuwa na mvukuto wa mti uliowambwa ngozi ya mbuzi, wakaupiga kwa vijiti viwili, ngozi ikipanda inavuta, ikishuka inasukuma. Lakini mhunzi hakusifiwa kwa wingi wa upepo. Alisifiwa kwa kuufikisha upepo ndani ya mkaa. Wewe upepo wako unapita tu, hauingii."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo, na tangu siku hiyo huwaambia wote wanaoniuliza kwamba waanze na kisambaza hewa, ndipo watafute pampu. Kiputo cha hewa huyapa maji oksijeni kwa ngozi yake tu, yaani pale ambapo hewa na maji vinagusana. Hewa iliyo ndani ya kiputo, isiyofika kwenye ngozi hiyo, hupanda juu na kwenda zake angani kama msafiri aliyepita mjini bila kushuka punda. Chukua kiputo kimoja chenye kipenyo cha milimita 8, kama vile vilivyotoka katika matundu yangu ya msumari, ukigawanye kuwa viputo vya milimita 2: utapata viputo 64, na jumla ya ngozi yake itakuwa mara 4 ya ile ya kwanza, kwa hewa ile ile na umeme ule ule. Kiputo kidogo hupanda kwa mwendo wa kama sentimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo katika mita 1 ya maji kina sekunde 4 za kufanya kazi yake yote. Sekunde 4 ni chache mno, na ndiyo sababu ngozi yake sharti iwe pana.

Katika maji safi yasiyo na oksijeni hata chembe, viputo vidogo hutoa kama asilimia 6 ya oksijeni yao kwa kila mita ya kina vinayoipanda, na viputo vikubwa hutoa kama asilimia 2. Tuzipime tarakimu hizo kwa pampu yenye kutoa lita 80 za kweli kwa dakika. Kwa saa moja ni mita za ujazo 4.8, kila mita ya ujazo ya hewa ya Tabora ina takriban gramu 240 za oksijeni, jumla ni gramu 1,150 zinazopita majini kila saa. Asilimia 6 ya hizo ni gramu 69. Lakini maji yetu si matupu, yana miligramu 3 tayari, na kadiri yanavyokuwa na oksijeni ndivyo yanavyopokea polepole, basi ondoa karibu nusu. Na maji yetu si safi, yana utelezi na uchafu unaokizuia kiputo, basi ondoa tena kama thuluthi au zaidi kidogo. Hubaki kama gramu 23. Deni letu ni 20. Kumbe lita 80 zinatosha, na baki ndogo juu yake. Lakini lita hizo hizo 80 zikipita katika bomba la msumari hazifikishi hata gramu 8, na ngurumo ya lita zangu 120, hata zingekuwa za kweli, isingefikisha 12. Insafu yataka niseme kwamba mchemko ule nao una manufaa yake, kwa kuwa huyapandisha maji ya chini yaende kuonana na upepo, na katika bwawa fupi jambo hilo si dogo. Ila halikuwatosha samaki 200.

Visambaza hewa vipatikanavyo kwa wauzaji ni vya namna nyingi, nami sitazieleza zote. Yale mawe ya hewa madogo ya mchanga ulioshikanishwa, yauzwayo kwa ajili ya samaki wa mapambo katika masanduku ya kioo, ni rahisi na hutoa viputo vizuri kwa muda wa majuma machache, kisha huziba. Mawe ya kauri yaliyochomwa ni bora kuyapita, viputo vyake ni kama moshi, lakini huhitaji msukumo mkubwa, na vitundu vyake huwa wazi daima. Umeme ukikatika usiku, tope na mwani huingia ndani ya vitundu hivyo na kukaa. Kuna mipira mirefu yenye vinyweleo, inayotandazwa chini kama nyoka, nayo hufaa bwawa jembamba. Mimi nilichagua sahani za mpira, za kipenyo kama sentimita 23, ambazo uso wake umechomwa vitundu kwa sindano nyembamba sana, vitundu vinavyofunguka hewa inapovisukuma na kujifunga vyenyewe hewa inapokatika. Katika mji ambao umeme haukatiki kamwe, sifa hiyo ya kujifunga isingekuwa na thamani kubwa. Kwetu ndiyo iliyonifanya nilipe zaidi.

Sahani mbili zilinitosha, lita 40 kwa dakika kila moja. Ziwekwe katika kina kilicho sawasawa, na neno hili nalisisitiza, kwa kuwa hewa ni mvivu kama maji yalivyo: ikipewa njia mbili, moja yenye kina cha mita 1.1 na nyingine ya 0.9, itapita yote katika ile fupi, na sahani ya pili itabaki kimya. Asiyeweza kuzisawazisha na atie kilango kwenye kila mpira, akibane kile cha upande mfupi mpaka pande zote mbili zichemke. Wala zisilazwe juu ya tope. Mimi nimezifunga juu ya matofali, kiasi cha sentimita 15 kutoka chini, ili viputo visilitifue tope na kuyarudisha majini yale tunayoyakimbia.

Hapo sasa, baada ya kujua visambaza vyetu na kina chake, ndipo tuifikie pampu. Kosa la pili la kisanduku changu lilikuwa hili: lita 120 zile zilipimwa hewani, mdomo wa pampu ukiwa wazi, pasipo maji ya kusukuma. Kila mita 1 ya maji huweka mbele ya hewa uzito wa kama kilopaskali 10. Bwawa langu, kwenye kina cha mita 1.1, hudai 11. Mpira mpya wa sahani hudai 4 au 5 zaidi ili vitundu vyake vifunguke, na ukichakaa hudai zaidi. Bomba na viungo vyake, 2 au 3. Jumla hukaribia 20. Swali la kumwuliza muuzaji si "inatoa lita ngapi?" bali "inatoa lita ngapi kwenye kilopaskali 20?", na ikiwa hajui, na alitafute jedwali lililomo ndani ya kisanduku. Aghalabu msukumo huo huandikwa kwa kipimo kingine, 0.02 MPa, na maana yake ni ile ile, ni kama mita 2 za maji. Pampu yangu ya kwanza kwenye msukumo huo ilikuwa haitoi hata nusu ya sifa zake, na mbaya zaidi, pampu isukumwayo kupita nguvu zake hupata joto na kukiua kiwambo chake kabla ya wakati.

Kiwambo ndicho moyo wa pampu iifaayo nyumba. Ndani yake mna sumaku inayotikiswa na umeme, mbele na nyuma, mara 50 kwa sekunde, na kila upande wa sumaku pana ngozi ya mpira iliyowambwa kama ngoma, inayovuta na kusukuma. Ni mvukuto wa mhunzi kwa kila hali, isipokuwa mkono umegeuka umeme. Haina mafuta ya kuchafua maji, haina sauti kubwa kuliko nyuki ndani ya mzinga, na ile ya lita 80 hutumia kama wati 80. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa bwawa la kadiri yangu. Pampu za pistoni zafaa mabwawa ya kina cha mita 3 na zaidi. Mitambo ya feni inayopuliza hewa nyingi kwa msukumo mdogo yafaa mashamba yenye matangi mengi, na kelele zake hazivumiliki karibu na chumba cha kulala. Amma kompresa ya fundi wa pancha, ambayo nimeiona ikitumiwa na mtu mwenye haraka, nasema isitumiwe: msukumo wake ni mkubwa, hewa yake ni kidogo, na pamoja na hewa hiyo hutoa ukungu wa mafuta ambao perege hakuuomba.

Wati 80 kwa saa 10 ni uniti 0.8 za umeme, na kwa mwezi ni uniti 24. Mwenye nyumba aliye katika daraja la matumizi madogo, lile lisilovuka uniti 75 kwa mwezi, na azipime 24 hizi kabla ya kuziongeza, kwa kuwa ni karibu thuluthi ya haki yake yote, na uniti zinazoizidi 75 hulipiwa kwa bei ya juu zaidi. Ndiyo maana siiwashi pampu mchana, mwani unapofanya kazi bure. Huiwasha saa nne usiku na kuizima saa mbili asubuhi. Siku ya wingu zito haizimwi kabisa, na LUKU inapokaribia kwisha katika majuma ya mvua za kwanza, huongeza uniti za pampu kabla ya zile za taa.

Na umeme ukikatika saa tisa ya usiku? Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na tukiitumia nusu tu ili isife mapema, 600, yatosha kuiendesha pampu pamoja na inveta yake muda wa saa sita au saba, ambao mara nyingi ndio unaohitajika hadi jua lichomoze. Anayetaka kuacha umeme wa gridi kabisa atahitaji betri mbili za namna hiyo na paneli za sola zisizopungua wati 300, na ni heri anunue tangu mwanzo pampu ya volti 12 asipoteze nguvu katika inveta. Kabla sijaipata betri niliwahi kukaa kando ya bwawa na ndoo, nikichota na kumwaga kutoka kimo cha kifua, wanangu wakipokezana nami, tangu saa kumi hadi mapambazuko. Kazi hiyo inasaidia, nami ninaitaja kwa sababu ipo siku kila kitu kitakosekana isipokuwa ndoo.

Mahali pa pampu pana adabu zake. Iwe juu kuliko uso wa maji, maana ikizimwa ikiwa chini, maji hurudi kwa njia ya bomba hadi ndani ya kiwambo. Na hata ikiwa juu, tia kilango cha upande mmoja kiruhusucho hewa kwenda na kikatazacho maji kurudi. Hewa itokayo kwenye pampu ni ya moto, basi mita ya kwanza ya bomba iwe ya chuma, ndipo lifuate la plastiki, na liwe la robo tatu inchi badala ya nusu, kwani bomba jembamba hula msukumo bure. Iwe kivulini, ipitiwe na upepo, na isimame juu ya kipande cha tairi ili mtikiso usiingie ukutani. Na vumbi! Kuanzia Juni hadi mvua zinaponyesha, vumbi la Tabora huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli. Chujio la pampu yangu hulifua kila baada ya majuma mawili, na nilipolisahau mwezi mzima wa Agosti nililikuta limekuwa jekundu na gumu kama kigae, na pampu ikihema.

Mwenye bwawa la zamani ambalo halijawahi kutiwa hewa asiiwashe pampu usiku mzima siku ya kwanza. Chini kule kumelala maji yenye gesi ya uozo, ile inukayo kama yai viza, na akiyapandisha yote kwa mara moja atawaua samaki kwa dawa aliyokuja kuwatibia. Nusu saa siku ya kwanza, saa moja siku ya pili, saa mbili siku ya tatu, na hivyo hivyo hata juma liishe.

Kuna pia yale ambayo pampu haiwezi. Haiwezi kulila chakula kilichobaki. Mwaka jana nilimwona kijana amefunga pampu nzuri kuliko yangu, na bado samaki wake walikuja juu kila asubuhi, maana alikuwa akimwaga pumba na samadi ya kuku kama anayejaza shimo. Namna ya kujua ni rahisi: tumbukiza mkono ulionyooka ndani ya maji, na ikiwa kiganja kinatoweka kabla maji hayajafika karibu na kiwiko, bwawa lina mwani kupita kiasi, basi punguza chakula na ubadilishe sehemu ya maji. Na asiye na umeme, wala sola, wala uwezo wa kuamka alfajiri, sioni haya kumshauri aache perege afuge kambale, ambaye Mwenyezi Mungu amempa kiungo cha kuvutia hewa ya juu kama sisi, akakaa katika tope ambamo perege asingemaliza usiku mmoja. Katika mabwawa ya asili ya Malagarasi kambale na kamongo wameishi hivyo tangu kabla ya msafara wa kwanza kuvuka mto ule.

Visambaza vyangu huvitoa majini kila baada ya miezi mitatu, nikavisugua kwa brashi laini, na panapoonekana ukoko mweupe wa chokaa nikaviloweka ndani ya siki kwa usiku mmoja. Kiwambo cha pampu iendeshwayo kila usiku hudumu mwaka mmoja hadi miwili, na kinapopasuka hakitoi taarifa. Sauti hubadilika kidogo, viputo hupungua, na wewe umelala. Kwa hiyo ninayo jozi nyingine, niliyoiagiza Dar es Salaam mapema, imo ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la jikoni, pamoja na bisibisi yake, na juu ya kifuniko nimeandika kwa kalamu tarehe niliyokifunga kile kinachofanya kazi sasa. Yule mzee alipoliona kopo alilifungua, akakishika kiwambo kwa vidole viwili, akakivuta, akakiachia, akasikiliza. "Ngozi ya mbuzi," akasema, "tuliipaka samli isikauke. Hii unaipaka nini?" Nikamwambia haipakwi kitu, bali hukaa mbali na jua. Akakirudisha ndani ya kopo, akalisogeza kopo lenyewe hadi pembe ya kabati isiyofikiwa na dirisha.